Upande wa Kidole cha Mwisho

Jumanne, 28 Machi

Nimehamia kwa binti yangu leo mchana, na mvua imenisindikiza hadi mlangoni. Paa la nyumba yangu limeoza. Mafundi wameliezua nusu, kisha wakasema hawawezi kuendelea mpaka msimu upite. Sikupenda. Mtu wa umri wangu anapaswa kulala nyuma ya mlango wake mwenyewe. Lakini kulala chini ya mawingu si ushujaa, ni ukaidi, na ukaidi niliupiga vita darasani maisha yangu yote.

Chumba nilichopewa kimepakana na karakana ya useremala. Kati yangu na kazi yao kuna ukuta wa mbao tu. Nasikia randa, nasikia msumeno, na nasikia sauti moja ambayo mwanzoni sikuitambua: pigo zito, butu, lisilo na mlio wa chuma. Nilikwenda kuchungulia. Binti yangu alikuwa anaunganisha kiti. Aliuingiza ulimi wa mguu kwenye tundu lake, kisha akaukaza kwa kuupiga kwa mkono, kwa ile sehemu nene ya kiganja iliyo chini ya kidole cha mwisho. Alipiga kama mtu anayefunga mlango uliovimba kwa maji. Nyundo sikuiona.

Karakana ni ya baba mkwe wake. Mtaa mzima unamwita Kiganja, nami nitamwita hivyo humu, ingawa mbele yake namwita Fundi. Mwanawe, mume wa binti yangu, alilikimbia vumbi la mbao akaenda kuendesha malori ya masafa marefu. Benchi lake alilirithi mkewe, na Kiganja ndiye aliyemfundisha.

"Karibu, Mwalimu," aliniambia. "Utayaweza makelele yetu?"

"Nimefundisha watoto, Fundi. Haya si makelele."

"Wewe ulichapa watoto kwa fimbo, mimi nachapa viti kwa mkono. Sasa hapo nani mwenye roho mbaya?"

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka, lakini nimeyaandika maneno yake, kwa hiyo hayakuwa mabaya sana.

Ijumaa, 31 Machi

Mvua. Chai imepoa kabla sijaimaliza.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimemuuliza Kiganja kwa nini hawatumii nyundo. Aliweka patasi chini, dalili kwamba swali limempendeza.

"Nyundo inapiga tu, Mwalimu. Mkono unapiga na kusikia. Ulimi ukikaa sawasawa, unausikia hapa." Akagusa kiwiko. "Ukitaka kupasuka, mkono unajua mapema. Nyundo itakwambia baadaye, ukishashika vipande viwili."

Ana sheria moja: kiti kilichoguswa na nyundo hakitoki mlangoni mwake. Nimekikagua kiti kimoja kwa miwani na bila miwani. Hakina kovu wala mwanya, na hakiyumbi. Mtu anayeifanya kazi yake kwa kanuni, hata kama kanuni yenyewe siielewi, simdharau.

Jumamosi, 8 Aprili

Binti yangu ameangusha kikombe, naye si mtu wa kuangusha vitu. Nilimwambia akamate vizuri. Akasema vidole vimekufa ganzi. Nilivitazama: kile cha pete na kile cha mwisho, mkono wa kulia, vilikuwa vyeupe kama chaki. Vitatu vilivyobaki vilikuwa na rangi yake ya kawaida. Mpaka kati yake ulionekana kama uliochorwa kwa rula.

"Ni baridi hiyo," nilisema. "Asubuhi nzima unashika mbao mbichi na mikono mitupu."

"Baridi inachagua vidole, Baba?"

"Usinijibu kwa swali."

Akautia mkono kwapani, akarudi kazini. Baada ya muda pigo likaanza tena upande wa pili wa ukuta.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimemlazimisha aende zahanati. Wamesema ni baridi yabisi, wakampa vidonge vya maumivu. Nilifurahi, kwa kuwa walikubaliana nami. Ndivyo tulivyo wazee.

Wakati huo huo kazi imeongezeka. Wameletewa oda ya viti vya chumba cha kusomea katika maktaba mpya. Kiganja anatembea kifua mbele. "Watu watasoma wamekalia jasho letu," amesema. Mapigo yanaanza mapema sasa, na yanachelewa kuisha.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua na ukungu. Binti yangu amekula kwa mkono wa kushoto.

Jumanne, 18 Aprili

Leo nimemuunguza mwanangu.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi aliingia jikoni akiwa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Alisema vidole vinamuuma kana kwamba mtu anavikaza kwa uzi. Mimi nilikuwa na dawa yangu tayari. Mama yangu alitutibu baridi kwa maji ya moto, nami nikaamua kufanya hivyo hivyo. Nilimimina birika katika beseni, nikaongeza maji baridi kidogo, nikayapima kwa macho tu. Sikutia mkono wangu.

Akazamisha vile vidole viwili vya mkono wa kulia, akashusha pumzi.

"Yako sawa?" niliuliza.

"Ya uvuguvugu tu, Baba. Ongeza."

Nikaongeza. Akakaa hivyo, amefumba macho, uso umetulia. Kisha akaona si vibaya kuupasha na mkono wa kushoto. Aliutia, akauchomoa papo hapo huku akipiga ukelele, maji yakaruka hadi ukutani. Wa kulia ulikuwa bado umo ndani. Tulitazamana. Maji ni yale yale, beseni ni lile lile, na mkono mmoja ulikuwa unajua, mwingine haujui. Nilimshika kifundo cha mkono nikautoa kwa nguvu. Vile vidole viwili vilikuwa vimeanza kutoka malengelenge, naye hajahisi lolote.

Tulikwenda hospitali kubwa. Muuguzi aliyemfunga jeraha aliuliza nani aliyechemsha maji. Nikasema ni mimi. Hakuongeza neno, na ningependelea aongeze.

Daktari, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, hakuuliza habari za maji. Aliuliza: "Unafanya kazi gani?" Binti yangu akamweleza. "Nionyeshe unavyopiga." Binti yangu akapiga kiti cha hospitali, mara moja, polepole. Daktari akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeguswa mahali panapouma.

Kisha akampima kwa namna ambayo sijapata kuiona. Alimwambia akunje ngumi, akaibana mishipa miwili ya kifundo kwa vidole gumba vyake, mmoja kila upande. Alimwambia afungue. Kiganja chake kikawa cheupe chote. Akauachia mshipa wa upande wa kidole cha mwisho peke yake. Tukangoja. Kikabaki cheupe. Ndipo akauachia ule wa upande wa kidole gumba, na rangi ikarudi katika gumba, kidole cha shahada na cha kati. Ikaishia hapo. Vile viwili vilibaki vyeupe muda mrefu.

"Hii siyo baridi yabisi," daktari alisema.

Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Jumatano, 19 Aprili

Nayaandika maelezo ya daktari nisije nikayasahau, au, jambo baya zaidi, nikayarekebisha.

Mkono huletewa damu na ateri mbili. Moja hupita upande wa kidole gumba. Hiyo ndiyo tunayoishika tunapotafuta mapigo. Ya pili hupita upande wa kidole cha mwisho. Ndani ya kiganja hukutana na kufanya upinde, na kutoka katika upinde huo vidole hupata riziki yake. Ile ya pili, inapoingia kiganjani, hupita juu ya kijifupa chenye umbo la ndoano. Hapo haina ngao zaidi ya ngozi na mafuta kidogo. Anayepiga vitu kwa sehemu hiyo anaiponda ateri kati ya mfupa wake mwenyewe na ubao. Ikipondwa miaka mingi, ukuta wake hulegea na kuvimba, damu huganda ndani, na vipande vya damu hiyo hukatika na kwenda kuziba vijia vidogo vya vidole.

Nilimuuliza mbona si kila mtu. Alisema upinde wa wengine umekamilika: ateri moja ikiziba, nyingine huulisha mkono mzima. Wa binti yangu haukukamilika. Amezaliwa hivyo.

Nimejipima mwenyewe mara kadhaa leo. Mkono wangu unarudi mwekundu kotekote. Sikuona fahari yoyote.

Jumamosi, 22 Aprili

Kiganja ameelezwa. Alisikiliza huku akipiga msasa, bila kuinua kichwa.

"Mimi nimepiga tangu sina ndevu. Mbona vidole vyangu ninavyo?"

"Daktari anasema inategemea upinde, Mzee," binti yangu alisema.

"Daktari ameunganisha viti vingapi?"

"Nipe mkono wako nikupime. Ni dakika moja."

Akautia mkono wa kulia mfukoni. "Mimi siumwi."

"Ndiyo maana haitauma."

"Mkono wangu siyo wa maonyesho, mama. Fanya kazi."

Nilimwona mzee huyu kuwa jeuri, na jeuri ya mtu asiyetaka kujua huwa haina dawa. Nimemwambia binti yangu hivyo. Akasema, "Humjui, Baba." Nikajibu kwamba watu wa namna hiyo nimewafundisha wengi.

Alhamisi, 27 Aprili

Malengelenge yanakauka. Kwenye ncha ya kidole cha pete kuna doa jeusi, dogo kama mbegu ya ufuta. Hilo siyo la maji yangu. Muuguzi amesema lilikuwepo. Amesema hivyo kwa upole, na ndiyo maana namwamini nusu.

Jumatano, 3 Mei

Amerudi benchini. Anapiga kwa mkono wa kushoto.

Nilisimama mlangoni nikamwuliza kama ana mikono ya akiba nyumbani. "Viti vya maktaba, Baba," alisema. "Nani atavimaliza?" Kiganja alikuwa nyuma yake, akatikisa kichwa, sikujua anamkataza yeye au mimi.

"Mzee, nipe mkono," binti yangu alimwambia bila kugeuka.

"Leta gundi," Kiganja alisema.

Jumanne, 9 Mei

Hospitali tena, kipimo cha mawimbi ya sauti. Daktari alituonyesha kwenye kioo: mahali ateri inapopita juu ya mfupa imevimba kama shingo ya nyoka aliyemeza kitu, na ndani yake kumejaa giza. Damu haipiti.

"Nitakikata kipande hiki," alisema, "niweke kingine kutoka kwenye mshipa wa sehemu ya juu ya mkono wake. Nikishone huku na huku. Kidole cha pete bado kinaokoleka. Nikichelewa, sikuhakikishii."

"Lini?" niliuliza.

"Mimi hata wiki hii niko tayari. Lakini namuuliza yeye." Akamgeukia binti yangu. "Ukitoka hapa utarudi kupiga?"

Binti yangu aliutazama mkono wake.

"Basi njoo ukiwa na jibu. Sitashona mshipa ili ukaupige tena. Ukiziba mara ya pili sitakuwa na pa kushonea. Na hilo doa halisubiri."

Njiani nilikasirika. Nilimwambia ni mtu wa ajabu, anaulizwa kati ya kidole na kiti anafikiri. Alitembea chini ya mwavuli mpaka tukakaribia nyumbani.

"Baba, wewe unadhani namwogopa Mzee. Mimi mwenyewe sijui kuunganisha kwa njia nyingine. Nilijaribu nyundo ya mti juzi, yeye hayupo. Nilikuwa kama mtu aliyezibwa masikio. Nilipasua mguu nikaficha vipande. Nikiacha kupiga kwa mkono mimi siyo fundi tena. Nitakuwa mtu anayepiga msasa viti vya wengine."

Nilikuwa nimeliona jambo hili kuwa jepesi kwa sababu kidole na kazi vyote si vyangu.

Ijumaa, 12 Mei

Mkwe wangu amepiga simu kutoka njiani. "Baba, mwambie aache kazi hiyo. Atibiwe."

"Mwambie wewe baba yako aiache sheria yake."

Nilisikia injini ya lori lake ikiunguruma. "Baba yangu humjui," alisema, kisha mtandao ukakatika, au yeye akakata.

Ni mtu wa pili kuniambia hivyo.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua. Doa limekua.

Jumapili, 21 Mei

Leo si siku ya kazi, lakini nilisikia tupa. Nikaenda. Kiganja alikuwa peke yake, ananoa msumeno. Anga ilikuwa nzito na mlango ulikuwa wazi, baridi ikiingia. Alikuwa anasukuma tupa mara chache, anasimama, anautia mkono wa kulia kwapani, kisha anaendelea. Nilikaa kwenye gogo. Alijua kwamba nimeona.

Nilikumbuka mambo ambayo nimekuwa nikiyatazama bila kuyaona. Hushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Hufungua mlango kwa wa kushoto. Mkono wa kulia huwa unakaa mfukoni, na mimi niliuita jeuri.

"Fundi," nilisema, "huo mkono unauma tangu lini?"

"Hauumi. Unalala tu." Akapuliza vumbi la chuma. "Ni uzee."

"Kwa nini humpi akupime?"

Alisukuma tupa mara mbili, akaiweka chini.

"Mwalimu, yule mtoto alikuja hapa hajui hata kushika randa. Wangu wa kumzaa alikataa; yeye akataka. Nilimshika mkono huu hapa nikamwonyesha mahali pa kupigia. Siyo hapa, nilimwambia, hapa utaumia. Piga kwa hapa, penye nyama." Aligusa palepale, chini ya kidole cha mwisho. "Sasa akinipima akakuta na mimi ninao ugonjwa huo, maana yake ni nini?"

Nilijua maana yake. Alikuwa anaukwepa mkono wake kama mtu anayekwepa kusomewa hukumu, na hukumu yenyewe haikuhusu mkono huo.

"Mimi nilimmwagia birika la moto," nilisema. "Kwa nia njema kama yako. Bado natoka chumbani kila asubuhi kumsalimu."

"Anakuitikia?"

"Anaitikia. Kisha ananiambia nisiguse birika."

Kiganja alicheka, mara ya kwanza mwezi huu. Hakusema zaidi, nami sikumshurutisha. Nimewashurutisha watu wengi wakatoa majibu sahihi yasiyotoka moyoni.

Nilimwona vibaya mzee huyu. Naandika hivyo kwa kalamu, si kwa penseli.

Alhamisi, 25 Mei

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulisemezana kwa sauti ya juu. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya kiti ambacho hakijakazwa. Mkono wa kulia umefungwa, wa kushoto umevimba kidogo. Hakuinua wowote.

"Mzee," alisema, "sikuombi tena baada ya leo. Nipe mkono. Nikiachia upande wa kidole cha mwisho ukarudi mwekundu, nitafanya unavyotaka."

"Na usiporudi?"

"Hapo tutajua wote wawili."

Kiganja alinitazama, kisha akautoa mkono mfukoni. Akakunja ngumi. Binti yangu aliibana mishipa ya kifundo. Mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu, kwa hiyo aliniita nishike upande mmoja. Nikashika upande wa kidole gumba. Nilihisi mapigo ya mkwe mwenzangu chini ya kidole changu, ya haraka kuliko nilivyotarajia.

"Fungua."

Kiganja chake kikafunguka, kikubwa, kigumu, cheupe kama ubao uliopigwa randa. Binti yangu akauachia upande wake, ule wa kidole cha mwisho. Hakuna kilichotokea. Mvua ikaendelea. Tukaendelea kutazama.

"Hukubana vizuri," Kiganja alisema. "Rudia."

Tukarudia. Kikabaki cheupe.

"Baba, achia na wewe," binti yangu aliniambia. Nikaachia, na damu ikaingia kutoka upande wangu, ikapita gumba, ikapita vidole vya katikati, ikafika polepole hadi kidole cha mwisho. Mkono mzima ukawa mwekundu.

Tulielewa kwa pamoja, nadhani. Mshipa wa Kiganja wa upande wa kidole cha mwisho ulikufa zamani. Kilichomwokoa ni upinde aliozaliwa nao. Alikuwa amepondeka kama binti yangu, ila mwili wake ulikuwa na njia ya pembeni, na njia hiyo sisi sote tuliita uimara.

Kiganja aliutazama mkono wake kama kitu alichookota. "Kwa hiyo siyo kwamba niliuzoesha," alisema.

"Hapana, Mzee."

"Nilikuwa nawaambia watu niliuzoesha."

Alivua aproni yake, akaitundika, akatoka bila mwavuli. Binti yangu hakumfuata. Aliketi kwenye kile kiti ambacho hakijakazwa, kikalalia upande, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Kesho nakwenda kwa daktari," alisema. "Nitamwambia sitapiga."

"Na kazi?"

"Sijui, Baba. Usiniulize sasa."



Jumanne, 30 Mei

Kiganja hajaja karakana tangu siku ile. Kimya cha upande wa pili wa ukuta kinanisumbua kuliko mapigo. Watu wa maktaba wamepiga simu; binti yangu amewaambia viti vitachelewa, na hakueleza sababu.

Jumanne, 6 Juni

Upasuaji. Walimchukua asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, na baada ya saa moja Kiganja akaja, amevaa koti la mwanawe, akakaa upande wangu. Baadaye aliniuliza ateri inashonwa kwa uzi wa namna gani. Nikasema sijui. "Lazima uwe mwembamba sana," alisema. "Huyo naye ni fundi."

Daktari alitoka amechoka. Alisema damu inapita. Kuhusu ncha ya kidole cha pete tungoje: huenda ngozi ikabanduka tu, huenda kipande kidogo kikaondoka.

Kiganja akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya daktari. "Na mimi," alisema. Daktari hakuelewa mpaka nilipomweleza.

Jumatano, 7 Juni

Nimeruhusiwa kumwona. Mkono umefungwa, lakini ncha za vidole ziko wazi. Zote zina rangi moja, isipokuwa lile doa. Nilizigusa. Zilikuwa na joto. Nilikaa nimezishika mpaka akasema, "Baba, sasa niachie, nataka kujikuna."

Jumatano, 14 Juni

Amerudi nyumbani. Baridi kavu, mvua zinakwisha.

Jumanne, 20 Juni

Doa limebanduka kama ganda. Chini yake kuna ngozi mpya, nyembamba, na kidole kimepungua kidogo kwenye ncha. Hana hisia hapo, na daktari anasema huenda zisirudi. Kidole tunacho.

Daktari amemkataza Kiganja naye kupiga. Alikubali bila ubishi, jambo lililonitia wasiwasi.

Jumatatu, 26 Juni

Kiganja amerudi karakana na nyundo ya mti, ameifunga kichwa kwa ngozi. Alifika kama mtu aliyeleta mgeni asiyemwamini. Hakutaka mtu amtazame, kwa hiyo nilimtazama kupitia ufa wa ukuta. Alipasua mguu wa kwanza. Akapasua wa pili. Aliketi sakafuni.

Binti yangu aliingia. "Unasikia nini ukipiga?"

"Sisikii kitu. Ni kama kupiga na mguu wa mtu mwingine."

"Hata mimi niliona hivyo."

"Basi tufunge," Kiganja alisema. "Tuwarudishie watu mbao zao."

Wamekula chakula cha mchana bila kuzungumza, nami nilikula pamoja nao, na kwa mara ya kwanza sikuwa na ushauri wowote.

Jumamosi, 8 Julai

Jua limetoka tangu asubuhi. Mafundi wa paa wamenitumia ujumbe kwamba wameanza. Sijawajibu.

Nilikuwa nakunywa chai nilipowasikia wakibishana.

"Siwezi kupiga na kusikia kwa wakati mmoja na kidude hiki," Kiganja alikuwa akisema.

"Nani amekwambia usikie? Wewe piga. Mimi nitasikia."

Nikaenda mlangoni, wazi wazi safari hii. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kando ya kiti. Ameuweka mkono wake wa kushoto juu ya kiungo, vidole vimetandazwa, kama mtu anayempima mtoto homa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, bado na bandeji nyembamba kifundoni. Kiganja alisimama juu yake na ile nyundo, ameinama, jasho linamtoka kabla hajafanya lolote.

"Nikikupiga vidole je?"

"Umeshika nyundo maisha yako yote au hujashika?"

"Sijashika. Unajua sijashika."

"Basi jifunze. Polepole."

Alipiga. Alipiga vibaya, kwa woga, na nyundo ikateleza. Binti yangu hakuuondoa mkono.

"Tena."

Akapiga.

"Bado."

Akapiga. Aliinua nyundo, akasita. Uso ulisema kwamba imetosha, kwamba akiongeza kitapasuka. Nilikuwa na hakika hiyo hiyo, mimi nisiyejua chochote. Binti yangu alikuwa amefumba macho.

"Bado, Mzee."

Yule mzee, ambaye hajawahi kuambiwa na mtu katika karakana ile wakati gani wa kupiga na wakati gani wa kuacha, alipiga tena. Na tena, polepole zaidi.

"Basi," binti yangu alisema.

Kiganja akaweka nyundo chini, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakitikisa; kiungo hakikucheza. Akakitazama kutoka chini, akakitazama kutoka juu. Kisha akaenda ukutani akachukua mguu wa pili, akampa binti yangu.